Malalamiko Kuhusu Kisanduku cha Sindano Kilichoachwa Wazi Bwaloni

Kwa Mzee Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Kwa mkono wa Karani wa Bodi, ambaye namwomba asiifungue barua hii kama alivyoifungua ile ya mwaka jana.

YAHUSU: SINDANO ZA MZIO KUTOLEWA STOO NA KUTUNDIKWA UKUTANI KAMA KALENDA

Mzee wangu, shikamoo. Natumaini wewe na wote wa nyumbani hamjambo, na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi mtunza stoo wako mwili haujambo. Moyo ndio unaofukuta, na nisipoandika nitapasuka.

Unanifahamu. Nina miaka kumi na tisa katika stoo ya shule hii. Wanafunzi wananiita Babu Kufuli wakidhani sisikii, nami nimewaacha, maana nikisema kweli jina limenikaa. Kwa miaka yote hiyo hakuna kitu kilichotoka stoo bila vocha, na vingi havikuwahi kutoka kabisa. Njoo uone majembe yangu. Yana nailoni mpaka leo.

Sasa Mwalimu Mkuu mpya ni mama mwenye heshima zake na sina neno naye isipokuwa hili. Hata muhula wake wa kwanza haujaisha, ameingia kwenye kabati langu la chuma akachukua zile sindano za dharura za watoto wenye mzio, yaani aleji kama wengi wasemavyo, akazipeleka bwaloni, huko huko wanafunzi wanakokula, akaziweka kwenye kisanduku cha rangi ya chungwa. Nasikia Ijumaa Bodi inakaa kuamua kama kisanduku kibaki au kiondoke. Naomba kiondoke, na sindano zirudi kwa mwenyewe, yaani mimi.

Nitangulize jambo moja lisije likasemwa nyuma ya mgongo wangu. Wanafunzi wenye mzio mkali hapa shuleni ni wanne, na mmoja wao ni mjukuu wangu wa darasa la tano, ninayemlea mimi na bibi yake. Karanga moja tu, koo linaanza kufunga. Kwa hiyo watu watadhani nitapendelea kisanduku. Sipendelei. Utaratibu ni utaratibu, hata kama mtoto anaitwa mjukuu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kisanduku hakina kufuli. Nimekikagua mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Hakina hata komeo. Kina kifuniko kinachoinuliwa kwa kidole, na kimewekwa chini kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza anakifikia bila kupanda kiti. Juu yake kuna picha, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Mzee wangu, wasiojua kusoma nao wamewekwa kwenye mpango!

Linganisha na utaratibu wetu wa zamani. Kabati lilikuwa na makufuli mawili. Ufunguo wa kwanza ninao mimi kiunoni. Wa pili anao Makamu wa Mwalimu Mkuu, ambaye mchana huenda kula kwake, mwendo wa nusu saa akitembea, na hupenda kutembea. Mgonjwa alipaswa kuleta vocha yenye nakala tatu, nyeupe, ya waridi na ya njano, iliyosainiwa na mwalimu wa darasa na nesi, ambaye huja Jumanne na Alhamisi. Kisha mgonjwa mwenyewe alitakiwa kueleza kwa maandishi, kwa mwandiko unaosomeka, sababu za kuhitaji dawa. Mwaka jana tulifanya jaribio tukatumia dakika arobaini na saba tu. Tulipongezana kwa kupeana mikono.

Na matokeo yake? Kwa miaka kumi na moja tangu sindano hizo zianze kuletwa, hakuna hata moja iliyopotea, kuvunjika wala kutumika. Zote ziliisha muda wake zikiwa mpya kabisa, zikateketezwa mbele ya kamati. Sijui kama kuna shule nyingine inayoweza kujisifu hivyo.

2. Siri imetoka nje. Zamani jinsi ya kutumia sindano ile ilijulikana na nesi peke yake, na mimi nilikuwa najua karatasi ya maelezo iko faili gani. Sasa nesi amewafundisha wote, wanafunzi, walimu, hata wapishi. Wamepewa sindano ya bandia isiyo na ncha wakawa wanachomana mapajani, hii ni shule kweli? Toa kizibo, bonyeza upande wa nje wa paja, shikilia, hesabu, piga simu gari la wagonjwa lije. Wameyageuza wimbo. Jana mlinzi wa getini nimemkuta anauimba huku anafagia, mtu ambaye hata ufagio huo aliuomba kwangu kwa barua.

Anayeongoza wimbo huo ni msichana mmoja wa darasa la tano, rafiki wa chanda na pete wa mjukuu wangu, ambaye kwa maneno yake mengi shule nzima inamwita Chiriku. Huyu mtoto hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Naomba umkumbuke, maana anarudi katika lalamiko linalofuata na ndiye mtuhumiwa mkuu.

3. Tukio la Jumatano ya wiki iliyopita. Hapa ndipo damu inaponichemka. Wakati wa chakula cha mchana mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa aligawa biskuti. Nia yake ilikuwa njema na sina la kumlaumu. Kumbe ndani zilikuwa na karanga zilizosagwa. Mjukuu wangu aliuma moja, midomo ikavimba, akaanza kukohoa na kushika koo.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa mujibu wa mashahidi. Chiriku aliinuka mezani bila kunyoosha mkono. Alikimbia bwaloni, na kukimbia bwaloni ni marufuku kwa mujibu wa kanuni iliyobandikwa mlangoni. Aliinua kifuniko bila kuomba, akatoa sindano bila kusaini, akamlaza mwenzake, akamchoma pajani kupitia kwenye sketi ya shule, ambayo ni sare na ina tundu mpaka sasa. Alihesabu kwa sauti. Yote hayo dakika moja haikuisha! Katika dakika moja mimi huwa hata miwani sijaipata.

Uasi ukasambaa. Mpishi mkuu aliacha mwiko ndani ya sufuria akapiga simu. Mlinzi alifungua geti kabla gari la wagonjwa halijafika, kwa kukisia tu kwamba litafika. Dereva akaingia na gari lake mpaka mlangoni mwa bwalo, hakuandika jina kwenye daftari la wageni, wala sababu ya ziara, wala muda wa kutoka. Mtoto akapelekwa hospitali, akaangaliwa mpaka jioni, na keshokutwa yake akarudi darasani akicheka, akisimulia kila mtu kana kwamba alikuwa amekwenda matembezi. Hakuna aliyeonyesha majuto.

4. Leja yangu ina pengo. Kwenye ukurasa wa sindano, safu ya vilivyopokelewa inasema sita, na safu ya vilivyopo inasema tano. Safu ya katikati ni tupu, Mzee wangu. Nikiutazama ukurasa ule chakula hakipiti. Ili kuokoa hali nilichukua vocha nikaenda nayo nyumbani, nikamkalisha mjukuu wangu mezani ajaze ingawa siku zilikuwa zimepita. Jina akajaza. Darasa akajaza. Kwenye sababu za kuhitaji dawa akaandika kwamba alitaka kuendelea kuishi. Nilimrudishia, kwa sababu maelekezo yanasema sababu binafsi hazikubaliki. Akachukua kalamu akaongeza kwamba pia alikuwa na jaribio la hesabu Ijumaa. Hilo nimelikubali, nimepiga muhuri.

Chiriku naye nilimpelekea nakala ya njano asaini kama mtoaji wa dawa. Alisaini, na pembeni akachora ua.

5. Jambo hili linaambukiza. Mwalimu wa michezo sasa anauliza kwa nini mipira haikai karibu na uwanja. Wapishi wanauliza kwa nini kizima moto kiko stoo ilhali moto uko jikoni. Niliwaeleza kwa utaratibu kabisa kwamba jikoni kinaweza kuungua, wakanitazama kama mgonjwa. Mwalimu wa maktaba ameomba vile vitabu vya hadithi nilivyovihifadhi tangu vilipokuja, akisema wanafunzi wanataka kuvisoma. Wakivisoma vitachakaa! Tukikubali kwamba dawa ikae anapougulia mgonjwa, kesho chaki itakaa penye ubao, sabuni itakaa penye maji, na kila kitu katika shule hii kitakuwa mahali kinapotumika. Hapo nitakuwa natunza nini? Kuta?

Mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta njia. Napendekeza kisanduku kiondolewe, sindano zirudi kabatini, na kufuli la tatu liongezwe kwa ajili ya adabu. Wanafunzi wanne wenye mzio wapangiwe ratiba ya kuzidiwa, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, isipokuwa wiki ya mwisho wa muhula ninapohesabu mali. Atakayetaka kuzidiwa nje ya ratiba atoe taarifa ya maandishi siku tatu kabla. Chiriku apewe onyo, na baada ya onyo apewe cheti, maana mwandiko wake kwenye nakala ya njano ulikuwa safi na hakukosea tarehe.

Nakushukuru kwa kunisikiliza, najua una mengi. Nisalimie mama nyumbani na watoto wote. Nisalimie wajumbe wa Bodi, hata yule anayesinzia vikaoni. Salamu kwa Makamu na matembezi yake, kwa nesi, kwa wapishi, kwa mlinzi, kwa dereva wa gari la wagonjwa akipita tena, ingawa naomba asipite. Mwalimu Mkuu naye msalimie, mwambie ugomvi wangu ni na kisanduku tu.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye uchungu na mali ya shule,
Mtunza Stoo

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Mke wangu akataka kujua nimeandika nini kurasa zote hizi, nikaifungua tena nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na huyu ni mtu anayecheka hata nikipiga chafya. Kisha akaniuliza jambo moja tu. Siku hiyo ya Jumatano, mimi nilikuwa wapi?

Mzee wangu, nilikuwa bwaloni. Nilikuwa nimekaa nimeegemea ukuta ule ule, ningenyoosha mkono ningekigusa kisanduku. Nilipomwona mjukuu wangu anashika koo, niliruka nikatoka mbio, mguu niponye, nikaenda stoo. Miaka yote mwili wangu umezoea kwamba dawa iko stoo, na miguu haikuniuliza. Nilifungua kufuli la kwanza. La pili sina ufunguo wake. Nikachukua nyundo nikalipiga, nikalipiga, huku nalia na kumwita Makamu kwa sauti, na Makamu yuko kwake anakula. Kufuli lile halikufunguka, kwa sababu nililichagua mwenyewe na nililichagua imara. Ndipo nikakumbuka kwamba kabati ni tupu.

Niliporudi mtoto alikuwa chini, miguu juu ya begi la Chiriku, anapumua. Alinitazama akaniuliza nilikuwa nimekwenda wapi. Nilikaa sakafuni nikalia mbele ya darasa la tano lote. Na kama ingekuwa mwaka jana, Mzee wangu, leo nisingekuwa na mtu wa kujaza vocha.

Mke wangu akasema basi ichane hiyo barua. Nikamwambia siwezi kuchana karatasi iliyokwisha kupewa namba ya faili. Kwa hiyo naomba Ijumaa isomwe yote, neno kwa neno, kumbukumbu zikae sawa, kisha mwikatae kwa kauli moja. Kisanduku kibaki wazi. Na kingine kiwekwe kule uwanjani, sindano nitazipeleka kwa mikono yangu, vocha nitajijazia mwenyewe.

Naomba pia jina langu liandikwe kwenye mafunzo ya Jumamosi. Nesi ameniambia kundi la watu wazima wanaoanza litafundishwa na yeye akisaidiwa na Chiriku, na kwamba Chiriku hana huruma na wazembe. Sitaki kuaibika, kwa hiyo nimeanza mazoezi nyumbani kwa kalamu ya wino, nikitumia mto wa kochi kama mgonjwa. Mjukuu wangu ndiye anayenihesabia. Leo tumeuchoma mara kumi na nne, na bibi yake anasema mto unaendelea vizuri.