Ubao wa Bawaba Mlangoni mwa Ukumbi wa Siorabost

Jumanne, 8 Oktoba

Uji wa shayiri, chumvi kidogo, sala. Kisha posta. Barua mbili kwa mpigo mmoja! London, serikali kuu, wamekubali kuchangia paa la ukumbi wetu. Edinburgh, serikali yetu ya huku, nao wamekubali. Nimepiga magoti palepale jikoni. Ciorstaidh, mke wangu, kadhani nimeangusha kijiko.

Mimi ni katibu wa kamati ya ukumbi, mwaka wa kumi na moja huu. Mkaguzi amesema paa lisiposhughulikiwa, tarehe mosi Novemba mlango unafungwa. Kila Jumatano wazee kumi na tisa hula pale supu ya Ceit Anna, mwenyekiti wetu. Kwa baadhi yao ndiyo siku pekee wanayosikia sauti isiyo ya redio. Siwezi kuwaangalia usoni mlango ukifungwa.

Lakini kuna shida. Kila barua inataka ubao mlangoni useme nani amelipa, na kila waziri anakuja mwenyewe kupigwa picha. Wote Jumamosi! London saa nne asubuhi, Edinburgh saa tisa alasiri. Mambo ya vijiji vyetu yalishakabidhiwa Edinburgh zamani. Siku hizi London wanaleta msaada moja kwa moja bila kupita kwao, na Edinburgh wananuna. Kila mmoja anataka tujue ni yeye anayetupenda. Sijapata kugombewa hivi tangu siku za uchumba.

Wakijuana, nahofu wote wawili watajitoa. Kwenye fomu palikuwa na swali: nani mwingine anachangia? Nilipiga mstari. Mstari si neno, kwa hiyo si uongo. Ceit Anna alikaa na fomu zote mbili usiku mmoja kabla ya kutia sahihi. Aliniuliza kama nataka kuzipitia tena. Nikamwambia nazijua hadi nukta.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata wazo wakati wa sala ya chakula. (Nimetubu baadaye. Wazo nimebaki nalo.)

Ubao mmoja, nyuso mbili! Upande huu London na bendera yao, upande ule Edinburgh na ya kwao. Unafungwa kwa bawaba kama mlango, na ndoano ya waya kuushikilia. Waziri mmoja akiondoka, nageuza. Mwingine anakuta jina lake. Hakuna aliyedanganywa, kila mmoja amesoma ukweli.

Nimenunua bawaba mbili. Alasdair alikuwa dukani. Tumekaa dawati moja tangu tukiwa na miaka sita, na hajaacha kunichungulia daftari. Yeye ndiye anayetangulia kuimba zaburi kanisani, kazi ambayo watu wengi wenye masikio wanasema ningeiweza mimi. Kaniuliza bawaba za nini. Nikamwambia za banda la kuku. Akasema, kijana, wewe huna kuku. Kisiwani kwetu mwanamume ni kijana mpaka azikwe, ila yeye hulitamka kama tusi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ubao umetundikwa. Mzuri! Nimeugeuza mara thelathini kwa majaribio. Haulii.

Habari mbaya mbili. Waziri wa London, Bwana Hollis, kafika leo kwa ndege kukwepa upepo unaotabiriwa. Na waziri wa Edinburgh, Mairead, naye kafika leo, analala kwa mama yake kijiji cha jirani. Nilimsahau huyo mama! Huyo mama ni mmoja wa wale kumi na tisa.

Ciorstaidh kanitazama nikila samaki wa chumvi na viazi kwa mkono mmoja, wa pili ukigeuza ubao hewani. Kasema, Tormod, ungetumia akili hiyo kuziba paa tungekuwa wakavu tangu mwaka juzi. Nikamwambia siasa za nchi ni pana. Akasema hata tundu la paa ni pana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kimbunga. Feri hakuna, ndege hakuna, mpiga picha kakwama mjini Stornoway. Mawaziri wote wawili wameahirisha mpaka Jumatatu. Wote saa tatu asubuhi! London ana ndege ya saa tano, Edinburgh ana kikao.

Nimempigia Mairead kumwomba aje saa saba. Akanicheka kwa upole: “Mzee Tormod, kwani saa tatu kuna nini?” Nikasema kondoo. Sijui kwa nini nilisema kondoo.

Namwachia Mungu. Pia nimeongeza waya kwenye ndoano.

Jumapili, 13 Oktoba (nimeandika Jumatatu, maana kuandika ni kazi)

Aibu.

Kwetu siku ya Bwana hatugusi nyundo wala hatuaniki hata soksi. Ukumbi uko ukuta kwa ukuta na kanisa. Tumetoka nyumbani na Biblia zetu, nikasikia pwa! Upepo umekata waya. Ubao unapigapiga ukutani: London, Edinburgh, London, Edinburgh, mbele ya kijiji kizima kilichovaa nyeusi.

Kidole kimoja tu kingetosha. Lakini kurudisha ndoano ni kazi, na Alasdair alikuwa kasimama pale, mikono nyuma, ananisubiri nitende dhambi. Nikawaza sana. Kutengeneza ni kazi. Kuegemea si kazi. Nikauegemea.

Watu wakapita wakinisalimia. Mchungaji akaniuliza kama nimeishiwa nguvu. Bwana Hollis akapita na koti la kuazima, akanipa mkono, nami nikampa wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa unashikilia Edinburgh. Ciorstaidh akarudi, akanivuta kwa mkono wa koti bila neno. Ubao ukabaki peke yake.

Kwetu kanisani hatupigi kinanda. Mtangulizi anaimba mstari, sisi tunaufuata kama wimbi. Jana Alasdair aliimba mstari, ukuta ukajibu pwa! ndipo sisi. Mstari mwingine, pwa! Bwana Hollis akadhani ndiyo desturi yetu. Akaanza kutikisa kichwa kwa kufuatisha. Mbele yake Mairead, mabega yanacheza. Nilidhani analia kwa kuguswa na Roho.

Mchungaji akaomba dakika ishirini na mbili. Sikuwahi kutamani aendelee kama jana.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya mlalo. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi na bisibisi ili niung'oe kabisa. Ceit Anna kanitangulia. Keshapika sufuria ya mchuzi wa kondoo na kupanga ndoo saba chini ya matone. Akasema, uache hapohapo, Tormod mwanangu. Namzidi miezi mitatu.

Saa tatu wakafika wote, magari mawili, mlango mmoja. Nikafungua mdomo niungame. Wala hawakunitazama! Wameanza wao kwa wao. Mairead kasema kumbi za vijiji ni jukumu letu, mngetupa sisi fungu tupange wenyewe, hamjui hata njia ya kufika huku. Bwana Hollis kasema watu hawa ni raia wetu pia, Mheshimiwa, wanalipa kodi ileile, kwani tukiwasaidia tumekosa nini? Akasema mmekaa na barua yao miezi tisa. Akajibiwa: nanyi mmeikumbuka uchaguzi ulipokaribia. Wote walisema kweli, kwa maoni yangu. Nilikuwa naitikia kwa zamu.

Kisha wakagombea: na jina la nani likae upande wa barabarani?

Nikaona paa linaondoka. Nikawaza sahani kumi na tisa. Nikapaza sauti: waheshimiwa, kosa ni langu, niliwaficha kwamba mnachangia wote wawili, msiwaadhibu wazee!

Bwana Hollis kanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe akiongea. Akasema, tumejua tangu Agosti. Imeandikwa kwenye fomu. Mairead akasema hata ya kwetu, nusu kwa nusu, kwa wino wa bluu.

Mimi naandika kwa wino mweusi. Ceit Anna alikuwa anakoroga mchuzi.

Akasema waingie wakale, hajapika kwa ajili ya mlango. Akawakalisha meza ya katikati, pale panapovuja zaidi. Hakuhamisha ndoo. Tone likaanguka kwenye bakuli la London. Likafuata la Edinburgh. Mzee Ruairidh, miaka tisini na moja, alikuwa kaja kuona mawaziri. Akawauliza taratibu: “Wanangu, jina mtaandika baadaye. Nani anapanda ngazi?”

Mairead akaanza kucheka. Bwana Hollis akafuta bakuli, akacheka pia. Wakatia sahihi hati za fedha pale mezani, karatasi zikiwa chini ya mwavuli wa Ciorstaidh. Mafundi wanaanza Alhamisi. Mlango haufungwi!

Nimelia kidogo nyuma ya stoo. Alasdair kanikuta. Hakunicheka. Kanipa leso, kasema, kijana, jana uliimba vizuri. Nikamwambia ahsante. Kisha akasema mbaya ni kwamba ubao ulipatia sauti, wewe hukupatia.

Picha wamepigwa mlangoni, London kushoto, Edinburgh kulia, ubao umeshikiliwa wazi katikati, kila mmoja na uso wake. Wa kuushikilia ni mimi. Gazetini bila shaka nitakatwa, ubaki mkono.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nyundo juu ya paa tangu asubuhi. Muziki! Ceit Anna kaniambia kwa upole kwamba mara nyingine niseme tu ukweli kwenye fomu, ni rahisi na wino haupotei. Nimemwahidi kwa moyo wote. Nimeomba pia Mungu aniondolee ujanja.

Leo posta imeleta barua ya halmashauri ya Stornoway. Wako tayari kutujengea choo cha wazee, wakitajwa mlangoni. London na Edinburgh nao, nimesikia, wana fungu la vyoo.

Nimekaa, nimetafakari, nimechora. Ubao wa pembe tatu, unaozunguka kwenye mti wa katikati. Bawaba hazihitajiki hata kidogo, hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Kesho nakwenda dukani mapema, kabla Alasdair hajaamka.