Chai ya Rangi Bila Mama Angel

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi! Mlima Meru haujaonekana tangu Ijumaa. Umejifunika ukungu, nami nimejifunika shuka mbili juu ya koti. Mke wangu Tabea yuko Dodoma kwa binti yetu Angel, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Desturi ni desturi: mama huenda kumpikia mzazi mtori, supu ya ndizi na nyama, mpaka apate nguvu. Siku ya kuondoka aliniuliza kama nitaweza kukaa peke yangu. Nikamwambia akae hata mwaka mzima. Mwaka! Nani alinituma?

Asubuhi nimechemsha chai ya rangi kutoka kwenye kopo lake. Chai ya Tabea wakati wa baridi ina harufu ya makadamia zilizokaangwa, unainusa kabla hujaketi. Leo harufu ilikuwa ya kuvizia. Alipoondoka ilikuwepo tele, lakini kila siku inapungua. Ajabu. Majani ni yale yale. Nashuku maji ya bomba.

Jambo jingine. Tabea amekuwa mzembe kidogo, maana kaacha makadamia zimechanganyika na majani humo humo ndani ya kopo. Kila asubuhi nimekuwa nikizichambua na kuzitafuna. Leo nimemaliza ya mwisho. Tamu mno.

Jumanne, 8 Julai

Chai ya leo: maji ya moto yenye rangi, basi. Nimeinywa nikitazama kigoda chake kando ya jiko. Nimemkumbuka mke wangu. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Jana kwenye simu nilimwambia niko imara, hata sijui kama ameondoka.

Kumrudisha bila kumwomba arudi, hiyo ndiyo kazi. Na mpango umepatikana! Alhamisi ni zamu yetu kupokea jumuiya ya sala ya mtaa. Jirani yangu Gadiel, mzee wa kanisa, alikuja kushauri sala zihamie kwake, eti nyumba isiyo na mama itakaribishaje watu. Alisema kwa huruma. Huruma ya Gadiel inawasha kuliko pilipili. Nikamjibu waje tu, watakunywa chai ya makadamia inayoizidi ile ya Mama Angel.

Hesabu yangu ni hii. Watu wataisifu chai, sifa zitafika Dodoma, Tabea atasikia kuna mtu ametawala jiko lake. Wivu utamshika. Atapanda basi.

Jumatano, 9 Julai

Makadamia zimejaa chini ya mti wetu. Mche wake niliutoa kwenye kitalu cha Olmotonyi mwaka tuliooana, Tabea akaushika mimi nikifukia. Hakuniambia kwamba ganda lake ni chuma! Jiwe limeshindwa. Nyundo imeweza nusu nusu. Moja iliruka uzio ikampiga jogoo wa Gadiel. Akaja kuuliza, kwa upole wake ule, jogoo amenikosea nini. Nikasema ni upepo.

Nimekaanga. Nyingine zimeungua, si neno. Nimezitwanga kwenye kinu kidogo kilichokuwa nyuma ya mlango, kesho nazichemsha pamoja na majani. Mbona rahisi? Wanawake wanatutisha bure.

Alhamisi, 10 Julai

Aibu.

Chai ilitoka nyekundu, nzito, mafuta yakielea juu na povu pembeni. Ladha ya sabuni! Magdalena, katibu wetu wa jumuiya, aliuliza nimetwangia kinu kipi. Nikamwonyesha. Akashika ukuta kwa kucheka. Ndicho kinu Tabea anachotwangia magadi ya kulainishia makande, na sikukiosha. Nani huosha kinu kinachoonekana kisafi?

Hakuna aliyeomba kikombe cha pili. Gadiel peke yake alimaliza chake, taratibu, macho yamefumbwa. Kisha akafunga kwa sala, akamwomba Mungu awakumbuke wanaokaa peke yao kwenye baridi. Machozi yakanitoka mbele za watu. Nikasingizia moshi.

Ijumaa, 11 Julai

Tabea amepiga simu. Magdalena alikuwa ameshazungumza naye. Mama yule ana moyo mzuri, alitaka kunisitiri, basi akamwambia nimepokea jumuiya vizuri sana, chai nimewamiminia kwa mkono wangu, watu wakaondoka wameshiba. Tabea amefurahi ajabu. Akasema alikuwa na wasiwasi na mimi, hata tiketi ya wiki ijayo alishakata. Sasa moyo umetulia, ataiahirisha, atakaa mpaka ubatizo wa mjukuu wetu Brian mwezi wa tisa.

Tiketi! Alishakata tiketi!

Akauliza, au ninataka arudi? Niseme tu. Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia akae, hapa hakuna shida yoyote.

Sikutaka akate simu, nikamuuliza habari za chai yake. Akacheka. Makadamia hazichemshwi. Anazikaanga, anazifukia kwenye majani makavu na kulifunika kopo kwa wiki kadhaa mpaka majani yanywe harufu. Na hazitolewi. Kopo lile alinijazia wiki kadhaa kabla ya safari, usiku mmoja alipochelewa kulala, ili baridi yote ninywe chai yake hata kama hayupo. Akauliza zimebaki nyingi?

Nikasema nyingi sana.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada, mnada wa sadaka. Ndizi, maziwa, mayai, na kikapu cha makadamia zilizokwisha kumenywa. Ni sadaka ya Gadiel! Nikanyoosha mkono. Gadiel naye akanyoosha, akashindania sadaka yake mwenyewe. Waumini walishangilia kama wako mpirani. Nimeshinda, ingawa mchungaji alilazimika kunishika bega niketi.

Nimekaanga kwa moto mdogo. Nimezifukia kwenye majani na kufunga kopo kwa kitambaa cha Tabea cha kichwani. Nitalifungua mwezi wa nane, si kabla. Safari hii nimejifunza.

Jioni nimelifungua, kukagua tu. Harufu bado. Nikaonja moja kuhakikisha hazijaharibika. Nikaonja ya pili kulinganisha na ile ya kwanza. Baridi ilikuwa kali, na kitambaa kinanukia nywele zake. Sasa ukilitikisa kopo zinasikika chache.

Si neno, maana nimepata njia bora ya kumrudisha. Kesho asubuhi nampigia. Nitamwambia nimeshazoea kabisa, nalala vizuri, baridi hata siisikii, na kama anapenda akae mpaka Krismasi. Akisikia hivyo, lazima atakata tiketi siku hiyo hiyo.