Utafiti wa Miguu ya Uchina kwa Faida ya Maji ya Sagalla

Itambulike kwamba mwaka wa 1956, kutoka Voi hadi Taveta, hakukuwa na mtaalamu wa historia ya wanawake wa Uchina kumpita Gibson, karani wa ofisa wa wilaya, Bwana DO, na katibu wa kamati ya maji. Utaalamu wenyewe aliupata juzi. Akina mama wa Sagalla walikuwa wameomba viti kwenye kamati hiyo, na serikali haikatai mambo ovyo ovyo. Hukataa kwa utafiti. Kabati la ofisi lilikuwa na vitabu viwili. Kimoja cha katani. Cha pili kilihusu Uchina, na mchwa walikuwa wamekwisha kukisoma nusu.

"Akina mama," Gibson alihutubia barazani, "utafiti umebaini kwamba wanawake wa Uchina walifungwa miguu tangu utotoni, wasiweze kwenda mbali. Hivyo basi, kwa mujibu wa historia, mwanamke hawezi kupanda kilima kukagua chemchemi."

Wakesho, kiongozi wa akina mama, alikuwa ameteremka kilima hicho asubuhi ile. "Na hao Wachina, baba, maji waliletewa na nani?"

"Ukurasa huo umeliwa."

"Kumbe hata mchwa ni wanaume."

Watu wakacheka mpaka Bwana DO akagonga meza. Akaamuru: Gibson kwa niaba ya ofisi, Wakesho kwa niaba ya akina mama, waende chemchemini kesho. Atakayefika kwa miguu yake atakaa kwenye kamati, atakayeshindwa atatoka.

Gibson alivaa viatu vipya vya Mombasa, ncha kama sindano. Vilikuwa vidogo, lakini mtu wa ofisi hanunui kiatu kwa kuuliza mguu. Nusu ya kilima, vidole vikaomba likizo. Akaketi juu ya jiwe kufanya, alivyosema, utafiti wa nyongeza.

"Nawe ulifungwa tangu utotoni, mwanangu?" Wakesho akauliza, akachuchumaa mbele yake. "Haya, panda. Nimebeba kuni nzito kukushinda."

Gibson akapanda mgongoni, kwa sharti kwamba shughuli hiyo ni siri ya serikali.

Jumatatu alisimama barazani, kifua mbele. "Nathibitisha kwamba nilifika chemchemini kwa miguu yangu miwili."

"Ni kweli, Bwana DO," akasema Jedidah, mjane aliyekuwa akichota maji siku ile. "Miguu yake ilifika. Niliiona ikining'inia kiunoni kwa Wakesho."