Mkono wa Malimi, Jina la Chenge

Malimi hakuwa mgonjwa. Alipanda mlima hadi ile hospitali kubwa ya Mwanza, asubuhi moja ya mwaka 1996, kwa sababu alikuwa na katoni ya sabuni za kung'arisha ngozi, na aliamini mtu anayemsubiri daktari hununua chochote. Alivaa suti ya mtumba yenye nembo ya shirika la ndege la ughaibuni, hivyo watu walimpisha kwenye benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa la kliniki ya masikio, pua na koo. Kabla hajafungua katoni, Malimi aliona jambo. Wagonjwa wa mafua sugu, wale ambao sainasi zao zimejaa usaha mwaka wa pili au wa tatu, waliingia kwa daktari wakipenga kamasi na kutoka kimya, kila mmoja na kikaratasi. Daktari mpya alikuwa ameweka utaratibu: hakuna kupasuliwa kabla damu haijapimwa, pamoja na virusi vya ukimwi. Wengi walikikunja kikaratasi, wakakitia mfukoni na kuteremka mlima na pua zao vilevile.

Malimi akaisukuma katoni chini ya benchi. Miaka yote alikuwa akitafuta bidhaa ambayo watu wataigombania bila kuuliza imetoka wapi, kumbe alikuwa anatembea nayo mishipani.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Chenge wa Igogo, tajiri wa minofu ya sangara. Pua yake iliziba kiasi kwamba kila "m" ilitoka "b".

"Shikamoo, mzee."

"Barahaba."

"Naona wamekupa karatasi."

"Bibi sipibwi," alisema Chenge. "Bibi ni btu wa safari nyingi."

Malimi alielewa ni safari za aina gani. Akasogea karibu.

"Mzee, daktari anataka damu, hajasema ya nani. Maabara hawaangalii uso, wanaangalia kadi. Nipe kadi yako, nikachomwe mimi, jina liwe lako. Tangu nizaliwe sijalazwa hata siku moja. Mbu wakiniuma wanashukuru."

"Na gharaba?"

"Kwa mtu wa heshima kama wewe siwezi kutaja bei. Lakini nimeona umekuja na baiskeli mpya."

Saa sita mchana, akiwa amekwisha kuchomwa kwa jina la Chenge, Malimi aliteremka mlima akipiga kengele ya baiskeli. Wiki iliyofuata alimpata Mama Odeta, mwenye gesti pale njia panda ya Usagara, naye akatoa redio kaseti. Kadi yake, penye jinsi, iliandikwa "Ke". Malimi aliigeuza K kuwa M kwa kalamu ya wino, akajiambia kuwa damu haina ndevu.

Aliyewatoa watu damu pale maabara alikuwa Akinyi, mama mtu mzima kutoka upande wa Mara, asiye na maneno mengi.

"Odeta ndilo jina lako?"

"La babu yangu, Sista. Alibatizwa haraka haraka."

Akinyi aliandika, akamfunga mpira mkononi, akachoma.

Ijumaa Malimi alirudi na kadi ya Chenge kuchukua majibu. Akinyi akafunga mlango.

"Keti, Chenge. Majibu yako na ya mgonjwa mwingine, Odeta, hayafanani hata kidogo."

Malimi alihisi suti imembana. "Hayafanani vipi?"

"Ya Odeta yanakuhusu nini? Wewe si Chenge?"

"Ndiyo, lakini... nani kati yetu ndiye mwenye virusi?"

Akinyi alipanga chupa zake tupu kwenye kibao, moja moja, bila kumtazama.

"Haiwezekani, Sista," alisema Malimi. "Damu ni ileile. Mkono ni huuhuu."

"Nilikuwa nangoja uyaseme mwenyewe. Majibu hayajatoka, dawa za kupimia zimekwisha tangu Jumanne. Mimi nyuso nasahau. Mishipa sisahau."

Malimi akauliza kama anaitiwa polisi.

"Polisi watanisaidia nini? Kwa chupa ileile tunapima kundi la damu pia. Mzee Chenge akivuja damu mezani, tutamwongezea kundi lililoandikwa kwenye faili lake. Lako. Makundi yasipopatana, atakufa na cheti kizuri. Niletee mikono miwili ya kweli. Na wewe utapima, kwa jina lako."

Malimi alikuwa amewadanganya wengi, lakini wote aliwaacha na uwezo wa kumtukana kesho yake. Akapanda baiskeli hadi Igogo.

"Ulisebaje?" alifoka Chenge. "Uliseba una dabu safi."

"Nilisema sijalazwa, mzee. Sikusema najua."

"Na bibi nikikutwa navyo?"

"Basi huenda tukawa wawili kwenye benchi. Hata mimi naogopa."

Ulikuwa ukweli wa kwanza kumwambia mteja, na ndio uliomtoa Chenge nyumbani. Mama Odeta alipoambiwa hayohayo alivaa kitenge chake, akaja bila kuuliza swali.

Siku kumi za kungoja, Malimi hakushika sabuni wala chakula. Aliwakumbuka kwa majina wanawake aliokwisha kuwasahau, kuanzia kivuko cha Kigongo hadi Magu.

Akinyi aliwaita mmoja mmoja. Chenge alitoka akiwasalimia hata wasiomjua. Mama Odeta alikaa ndani muda mrefu, akatoka na tarehe ya kurudi.

"Malimi," aliita Akinyi. "Huna virusi. Kundi lako ni O. Unajua maana yake?"

"Kwamba nina bahati?"

"Kwamba damu yako inawafaa wengi. Lala hapo. Mzee Chenge anapasuliwa kesho, na wanawe wanne wamekataa kumtolea. Wanaogopa kupimwa."

"Na malipo?"

"Soda."

Damu aliyowauzia watu kijiko kwa baiskeli, hospitali iliichukua chupa nzima kwa soda ya chungwa iliyokwisha gesi. Na kweli kesho yake Chenge alivuja damu, na chupa ile ikamwingia yote.

Siku ya tatu mzee alimwita wodini. Uso ulikuwa umevimba, lakini herufi zote zilikuwa mahali pake.

"Malimi, mwanangu. Daktari ameniambia nina damu yako."

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe ni damu yangu. Na baba hamlipi mwanawe. Baiskeli iache getini kwa mlinzi."

Malimi aliikabidhi baiskeli kwa mlinzi. Aliteremka mlima kwa miguu, kizunguzungu kikimpa sababu ya kukaa chini kila baada ya hatua thelathini.

Redio kaseti hakuna aliyeidai. Jumapili aliichukua mwenyewe hadi Usagara, akaitia betri mpya, akaiweka juu ya meza ya mapokezi. Mama Odeta aliitazama redio, akamtazama yeye, akaagiza chai ya watu wawili. Malimi alikaa hadi jioni akimsikiliza, na hakumuuzia kitu.