Tangazo la Barabara ya Kilwa

Leo uso wangu nimeuacha mtaani Bel-Air, na siurudii.

Mnanijua. Nilisoma Johannesburg kwa jasho langu mwenyewe, bila mjomba wa kunisukuma, nikarudi Lubumbashi na diploma ya kompyuta ambayo iko ukutani, ndani ya kioo. Kwa hiyo Maman Kavira aliponiita nimtengenezee tovuti, hakukosea mtu.

Maman Kavira ni mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo vita vilipomfukuza. Anauza unga, na malori yake yanafika mpaka Kilwa, Kilwa yetu ya huku, si ile ya pwani. Siku hizi hakuna anayejua barabara ipi ni salama. Kila asubuhi ina uvumi wake. Alitaka tovuti ya matangazo: watu wenye silaha wakionekana mahali, anaandika, na SMS inawafikia madereva wote papo hapo. Hasa mdogo wake Kambale, ambaye leo alikuwa njiani kwenda Kilwa na lori limejaa.

"Huyo ndiye nilibakia naye," aliniambia. "Fanya muzuri."

Nikafanya, pale pale dukani kwake Bel-Air. Wengine wanabonyezabonyeza vipicha kwa kipanya. Mimi niliweka mfumo wote kwa amri za kuandika, skrini nyeusi, herufi nyeupe zinakimbia. Wateja waliacha unga wakaja kuangalia. (Viatu nilikuwa nimevivua chini ya meza, vile vya ncha nilivyotoka navyo Johannesburg, vinabana. Lakini huku juu nilikuwa bosi.) Mfumo ukakaa. Nikaunganisha SMS. Nikaingiza namba za madereva.

Ikabaki kujaribu. Mwanafunzi angeandika "jaribio, jaribio". Mimi nilitaka Maman aone onyo jekundu linavyotisha. Nikaandika: BARABARA YA KILWA IMEFUNGWA. WATU WENYE SILAHA. RUDINI. Amri ile inakupa kuchagua: tangazo libaki rasimu, au lichapishwe. Rasimu haionekani kwenye tovuti. Nikachagua lichapishwe. Nikabonyeza.

Umeme ukakatika.

Skrini ikafa kabla haijajibu chochote. Nikawaambia watu tutaendelea umeme ukirudi, nikaagiza soda. SMS? Haikunijia kichwani kabisa. (Mwenye diploma, mimi.)

Soda haijaisha, mwenye duka la dawa la jirani akaanza kushusha mlango wake wa chuma. Halafu muuza mikate akapita mbio, beseni kwapani. Nikamuuliza kuna nini. Akasema waasi wametokea upande wa Kilwa, sasa wako uwanja wa ndege. Kilwa! Hata hapo akili yangu haikusema kitu. Kisha ikaja simu ya mdogo wangu Mireille, ninayekaa naye mtaa wa Makomeno.

"Yaya, waasi beko mu Makomeno. Miye niko chini ya kitanda. Usirudie huku."

"Umebaona na macho?"

"Bote banasema."

Jamani, niliogopa. Miaka hii tumeona miji ikianguka tukiwa na simu mkononi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja tuliambiwa hautaanguka. Miguu yangu iliamua bila kuniuliza. Maman Kavira, aliyekwisha kukimbia kweli, alikuwa ameketi, anavua hereni taratibu na kuzifunga kwenye pindo la kitenge. Akaniangalia.

"Ingénieur, kama unakimbia, vaa kwanza viatu."

Sikuvaa. Niliingia stoo, nikajilaza nyuma ya magunia, na moja nikalivuta juu yangu. Lilikuwa limepasuka. Pale gizani, nikimeza unga, nilimwahidi Mungu mambo mengi (siyaandiki hapa).

Nilimsikia Maman anampigia Kambale. Simu haiiti. Akarudia. Haiiti. Mwanamke ambaye hakutetemeka kwa waasi, sasa sauti ikamkatika. Akawa analitaja jina la mdogo wake tu, kwenye simu isiyojibu. Nami nikalia, nimekumbatia gunia.

Halafu ikaita. Akafungua kipaza sauti wote wasikie. Kambale alikuwa hai, amegeuza lori, yuko mbioni kurudi. Maman akamuuliza kama amewaona hao watu. Hakuona mtu. Kama alisikia risasi. Hakusikia. Sasa nani alimwambia arudi?

"Ni ile tangazo yenu ya SMS. Iko na jina chini."

"Jina gani?"

Kambale akasoma polepole, duka zima linasikiliza: "Ingénieur Fiston, Diplômé wa Johannesburg."

(Mfumo huweka jina la mwandishi chini ya kila tangazo. Hilo nililiandika mwenyewe, pamoja na cheo.)

Kisha nyayo, kisha mwanga wa simu ndani ya stoo. Nikasimama, mweupe kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Halafu wote wakacheka mpaka wakashikana, isipokuwa Maman Kavira. Alinifuta unga usoni kwa kitenge chake, kama mtoto.

"Leo nimemuzika ndugu yangu, Ingénieur. Hapa hapa, nikiwa nimeikala ku kiti hiki."

Akaniambia nitoke kabla lori halijafika.

Basi acheke anayeweza, ila kimyakimya. Kambale ameshaingia mjini, ananiulizia duka kwa duka. Mkiulizwa, Fiston bado yuko Johannesburg.