Gari la Mtu Mnyenyekevu

Jumatatu, 2 Machi
Leo kikaoni Mkurugenzi wa hospitali kasema amechoshwa na madaktari wanaokuja kazini na magari makubwa kuliko wodi zao. Nikatazama viatu vyangu. Gari langu ndilo kubwa kuliko yote pale nje. Na Ijumaa ya wiki ijayo anateua mkuu wa idara ya mifupa. Tumebaki wawili: mimi, na mwenzangu ninayemwita Tabasamu, maana hata mguu uliovunjika mara tatu anauchekea.
Uamuzi: nauza gari. Nanunua dogo, lakini la heshima.

Jumatano, 4 Machi
Kazi si rahisi. Jipya, unaonekana unaringa. Bovu, unaonekana umefilisika, na mshahara wa daktari bingwa kila mtu anaukisia. Nimepata la mwalimu mstaafu: la kijivu, umri miaka tisa, safi, viti vimevishwa vitambaa. Mke wangu kalizunguka mara mbili, akauliza kama ni la kupanda au la kuigizia. Mke wangu hana akili ya uongozi.

Alhamisi, 5 Machi
Nilitaka kuegesha chini ya dirisha la Mkurugenzi. Mlinzi hakunitambua, kanielekeza kwa wageni, nyuma ya chumba cha kufulia. Nikamwambia mimi ni daktari bingwa. Akasema hata jana alikuja mmoja akasema hivyo hivyo. Mkurugenzi hajaona kitu. Tabasamu kaona. Kanipa pole.

Jumapili, 8 Machi
Kwa mama. Katoka mlangoni, katazama nyuma yangu, kauliza gari liko wapi. Nikamwonyesha. Nikainamisha macho, nikasema mambo yamebadilika, siku hizi mtu hujishusha. Nilikuwa nafanyia mazoezi sauti ya unyenyekevu. Ilitoka vizuri kupita kiasi. Mama akakaa chini, akajifuta macho kwa upande wa kanga. Hakuuliza tena. Akanijazia sahani mara tatu. Nikala.

Jumatano, 11 Machi
Siku nyeusi. Mama kaja hospitali. Kavaa gauni lake la kuendea harusi, kapanda ngazi za ghorofa nne kwa magoti yale ambayo mimi, bingwa wa mifupa, namwahidi kuyatazama tangu mwaka juzi. Kaingia kwa Mkurugenzi, kamwomba asinifukuze. Kasema kama ni pombe, familia itanisimamia.
Pombe sijawahi kuionja. Mkurugenzi kaniita, kafunga mlango, kanisogezea kiti. Nikamwambia sinywi. Akasema wote huanza kwa kukana. Nikapandisha sauti. Akaandika kitu kwenye daftari.

Ijumaa, 13 Machi
Tabasamu ndiye mkuu wa idara. Mimi nimepewa likizo ya mwezi mzima, ya lazima, kwa ajili ya afya yangu. Tabasamu kaja kunikumbatia. Katikati ya kunikumbatia, kaninusa.
Nyumbani mke wangu kasema, “Mwambie mama ukweli. Mama wa watu hali wala halali.”
Nikamwuliza nimwambie nini, kwamba nilimwacha alie kwa ajili ya cheo?
“Ndiyo,” akasema. “Hivyo hivyo.”
Nikatoka kwenda kuosha gari.

Jumatatu, 16 Machi
Nimefikiri kwa utulivu. Wazo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa gari. Hospitali ya upande wa pili wa mji inatafuta mkuu wa idara, na mkurugenzi wake, nasikia, anapenda watu wa familia. Nimeona gari la viti saba, si jipya, si bovu. Mke wangu kanikumbusha kwamba nyumba hii ina watu wawili. Basi nimempigia mama. Nimemwomba siku ya usaili tufuatane, akae kiti cha mbele, mahali pa kuonekana.
Akasema, “Kama itakusaidia kuacha pombe, mwanangu, nitakaa.”
Nikamwambia itanisaidia sana.