Dereva wa Jipni Anayetazama Mbinguni

Jumatatu, 16 Desemba
Misa ya kwanza ya alfajiri. Padri katangaza kwamba watoto wa chekechea hawana cha kuchezea Krismasi hii. Anayeweza kuwatengenezea gari la mbao ajitokeze. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajameza mate. Nikasema mwanangu Doming atawaundia jipni, kama zile zinazobeba abiria barabarani, tena ya kupanda, na Mzee Anselmo mwenyewe aje aione.

Hapo ndipo penyewe. Doming yuko kwenye karakana ya Mzee Anselmo miaka yote hii, anapiga msasa miguu ya sanamu za watakatifu. Miguu tu! Kijana mwenye mikono ile, niliyemzaa mimi. Mzee akiiona jipni yetu, mwaka mpya Doming anachonga nyuso.

Consing jirani akacheka puani. Mwanawe Arsenio amepandishwa cheo karakana hiyohiyo, sasa anachonga masikio. Ukimsikiliza Consing utadhani watu huenda mbinguni kwa masikio.

Jumatano, 18 Desemba
Jana magurudumu. Leo magurudumu. Doming anayazungusha, anayasikiliza, anayachomoa tena. Nimemwambia hakuna mtu aliyewahi kuheshimika kwa gurudumu. Akajibu taratibu (mpole kama marehemu baba yake, ndiyo maana tuko hapa tulipo) kwamba watoto wanataka gari linalokwenda. Nikamuuliza dereva yuko wapi. Eti dereva ni mtoto atakayekaa mbele.

Gari lisilo na uso! Mzee Anselmo ataona nini, ubao? Mtoto huyu ana kipaji lakini akili ya maisha hana. Akili ya maisha ninayo mimi.

Ijumaa, 20 Desemba
Nimempelekea Doming chakula karakana. Vichwa vimejaa rafuni. Watakatifu wa kuvishwa huwa ni kichwa na mikono. Ndani ya kanzu ni fito tupu, ingawa hakuna asemaye. Kichwa kimoja kizuri ajabu. Macho yameelekea juu, midomo imefunguka kidogo, shingoni kigingi tayari cha kuchomekea. Hakuna aliyekuwa anakiangalia.

Nimekiazima. Kimekuja nyumbani kapuni, kimefunikwa majani ya mgomba na samaki watatu wa kukaanga. Nitakichomeka mwenyewe kwenye kiti cha dereva dakika ya mwisho na kusema ni kazi ya Doming. Yeye hajui. Hawezi kusema uongo, anaona haya hata kunyamaza.

Jumapili, 22 Desemba
Karakana imepinduliwa juu chini. Doming anasema Mzee Anselmo anatafuta kichwa cha Mtakatifu Stefano, mali ya watu wa ng'ambo ya ziwa, na sikukuu yao ni tarehe ishirini na sita. Mzee hajala tangu jana. Arsenio anaulizwa maswali, kwa sababu ndiye aliyefagia. Masikio yake yatakuwa yanawaka.

Ningekirudisha. Lakini nimeshakipaka masharubu kwa dawa ya viatu, na kofia ya dereva imekikaa utadhani kimezaliwa nayo. Nimekifunga na taulo shingoni, kama madereva wetu. Stefano atafanya kazi siku moja, kisha atakwenda kwenye sherehe yake. Watakatifu wengine wameteseka zaidi.

Jumanne, 24 Desemba


Misa ilipokwisha nikaivuta jipni uani kwa kamba. Dereva kaketi, kofia kichwani, macho mbinguni. Watoto wakakimbilia. Kitoto kimoja kikauliza mbona dereva haangalii barabara. Nikakiambia ni mzoefu.

Nilichosahau ni vibibi wetu. Bibi Osang akausogelea ule uso, akautazama sana, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akatoa leso. Nani mji huu anaona uso kama ule asiufute kwa leso apate baraka? Sharubu la kushoto likaondoka nayo. Wa pili akaondoka na la kulia. Wakapanga foleni mpaka getini, mmoja akawasha mshumaa kwenye boneti. Watoto wamesimama pembeni wanalia.

Na Mzee Anselmo akafika. Akavua kofia ya dereva. Akafungua taulo.

"Stefano," akasema.

Consing akaanza kunihurumia kwa sauti, ili wa mbali wasikose. Doming alinitazama, sijawahi kumwona hivyo. Akamwambia Mzee anaacha kazi, atatoa vifaa vyake karakana leo hii.

Mzee alichomoa kichwa, akakiweka kwapani. Kiti kilipokuwa wazi tu, watoto sita wakajitupa ndani, wengine wakasukuma. Jipni ikapita katikati ya vibibi, ikakata kona ya kisima, ikarudi bila kelele hata kidogo. Mara ya tatu Mzee akainama mpaka karibu na ardhi kuangalia.

"Haya magurudumu kayatengeneza nani?"

Doming akasema ni yeye.

"Gari langu la kubebea sanamu kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu linalia kama nguruwe, na linakwenda upande. Acha miguu. Mwaka mpya unaanza hilo, kuanzia ekseli." Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, kizingiti cha karakana yangu usikikanyage tena."

Alhamisi, 26 Desemba
Stefano amevuka ziwa asubuhi. Kwa mbali masharubu yanaonekana bado, lakini nasikia wenyewe wamefurahi, yanampa utu uzima.

Nimewaeleza watu mtaani jinsi Mzee Anselmo alivyoguswa na dereva mpaka akampandisha mwanangu papo hapo. Bila kile kichwa angekuja? Angeinama? Consing kanikumbusha kwamba ni magurudumu. Wivu unamla huyu mwanamke.

Doming kanionyesha mchoro wa gari lake la maandamano. Zuri, lakini mbao tupu, magurudumu tena. Bila malaika wawili mbele nani atageuka kulitazama? Kwenye stoo ya kanisa wapo wawili, wana vumbi la miaka, na anayeshika ufunguo ni Bibi Osang, ambaye husinzia baada ya chakula.

Karakana nimekatazwa. Stoo hakuna aliyeitaja. Na safari hii nimenunua rangi ya mafuta, hakuna leso itakayoitoa.